Hundi Mbili za Kumpeleka Osmunda Nyumbani

Aibu hii ni yangu na sitaki kumgawia mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu pale mtaani kwetu Ukonga imeshasimuliwa sana na kila anayesimulia anaweka yake, wapo wanaosema benki ilimdhulumu Mzee Komba, wapo wanaosema Murtaza wa mabasi ndiye aliyenigeuka, na mie nikikaa kimya naonekana nimekubali. Hakuna aliyenidhulumu. Dada yangu Osmunda hakuzikwa pale alipoomba kuzikwa kwa sababu ya mdomo wangu na muhuri wangu, basi.

Mie ni mtu wa mbao. Nilikuja mjini kutoka kwetu kusini, mbele ya Songea, nikabeba mbao za watu begani mpaka bega likaota sugu, leo watu wanabeba za kwangu. Shule niliishia darasa la pili, na sikuwahi kuona haya kusema, tena nilikuwaga nasema kwa kujivuna, kwamba nyie mna vyeti na mie nina Fuso, tuone nani analala vizuri. Kusoma nasoma, taratibu, nikiwa peke yangu. Kuandika ndiyo kazi. Tarakimu nazijua, mfanyabiashara hakosi tarakimu, lakini ule mstari mrefu wa hundi unaotaka kiasi kiandikwe kwa maneno ulikuwa unanitoa jasho.

Aliyeniokoa ni Osmunda. Yeye ndiye aliyenilea, mama alipofariki alinibeba mgongoni na yeye mwenyewe bado ni mtoto, na yeye alifika darasa la nne, kwa hiyo kwetu alikuwa ndiye msomi. Siku nilipopewa kitabu cha kwanza cha hundi alichana kipande cha mfuko wa saruji, akaniandikia juu yake kwa mwandiko wake wa duara: Milioni mbili tu. (Ndiyo ilikuwa bei ya lori la mbao kutoka Mafinga wakati ule.) Akasema, "Mdogo wangu, hii igeze, nyingine nitakufundisha pole pole." Nikaigeza. Nikaigeza mpaka mkono wangu ukawa mkono wake, herufi kwa herufi, na zile nyingine sikujifunza kamwe, maana kila aliponiita nikasema nina kazi.

Sasa nilikuwa nalipaje watu? Jina la mtu nanakili kwenye risiti yake, na nikidaiwa milioni tano naandika hundi mbili za milioni mbili mbili na inayobaki natoa taslimu. Nikawaambia wote kwamba Mzee Komba analipa mbili mbili, ndio mtindo wake, na watu wakachukulia ni madaha ya mtu mwenye hela. Na kila hundi niliipiga muhuri wa kampuni yangu, muhuri mkubwa wa duara wenye picha ya msumeno, naugonga popote mkono unapoangukia, kwa nguvu, meza inatikisika. Nilikuwa naupenda muhuri ule. Ulikuwa unasema mie ni nani bila kuandika.

Osmunda alifariki hospitali kule Temeke, baada ya kuumwa muda mrefu. Alikuwa na ombi moja tu, alilisema mbele yangu na mbele ya Mama Semeni, jirani yetu aliyemuuguza kama ndugu: alazwe kwetu, pembeni ya mwanawe Fausta aliyemzika akiwa mdogo. Nafasi ilikuwepo, imeachwa wazi miaka yote hiyo, hakuna aliyeigusa, ukoo mzima unajua kwamba pale ni pa Osmunda.

Na lazima niwaambie jambo moja la kwetu, la sivyo hamtaelewa. Kwa ukoo wetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Jua likizama na maiti haijafika, wazee wanakata shina la mgomba, wanalizika, wanafunika. Na kilichozikwa hakifukuliwi. Hilo nalijua tangu utotoni.

Basi msiba ukawa kwangu. Alhamisi Mama Semeni akaja na beseni lenye kitambaa juu, yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, akaliweka mbele yangu.

"Mzee Komba, wenzio wameanza kuchanga. Hiki ni cha mwanzo."

Nikalisukuma kwa mguu. Sikulipiga teke, nililisukuma tu, lakini kwa mguu.

"Rudisha hela za watu," nikasema. "Mie nipo."

"Tunajua upo. Hii siyo ya kukusaidia wewe, hii ni ya kumzika Osmunda. Na sie alikuwa wetu."

"Mama Semeni, nimesema rudisha."

Akaniangalia, akachukua beseni lake, akazunguka kumrudishia kila mtu chake, na nyuso za watu wale, nakumbuka, zilikuwa kama za watu waliofungiwa mlango. Dereva wangu Mkude akasogea akaninong'oneza kwamba Fuso ipo, ina matairi mapya, tukifunga turubai vizuri mama atasafiri salama. Nikamjibu kwa sauti wote wasikie: "Dada yangu hasafirishwi kama mbao."

Nikampigia Murtaza. Murtaza ana mabasi ya kukodi pale Tabata, na ana gari maalumu la kubebea jeneza, lenye vioo na mapazia, baba yake alikuwa na duka la misumari nilimokuwa nanunua tangu sijawa na kitu. Basi na gari la jeneza, kwenda na kurudi, jumla milioni nne. Ndugu wa Osmunda wote waende, wanakikundi waende, mtu asibaki. Murtaza akamtuma karani wake aje achukue malipo, na hapo ndipo Mama Semeni, ambaye hajui kununa muda mrefu, akasema, "Si uandike moja tu ya nne?"

"Mie nalipa mbili mbili," nikamwambia, "hujanizoea?"

Nikakaa kwenye kiti mbele ya watu, nikaandika ya kwanza, nikaandika ya pili, jina lile lile, tarehe ile ile, Milioni mbili tu, Milioni mbili tu, nikagonga muhuri, pu, nikagonga tena, pu. Nilijisikia mkubwa, na sitawaficha, hata dada yangu aliyelala mochwari nilimsahau kidogo kwa utamu wa kuangaliwa. Halafu nikampigia Baba Mdogo Gaspari kule nyumbani nikamwambia chimbeni, Jumamosi asubuhi tunaingia.

"Una hakika?" akauliza. "Maana ukishanena nachimbisha."

"Baba Mdogo, hundi zimeshaandikwa."

Ijumaa asubuhi tumekaa uani, wanaume huku na karata zao, wanawake kule na masufuria, simu ikalia, namba siijui. Mjue kwamba wiki ile matapeli walikuwa wamemaliza mtaa, wanakupigia wanajifanya mtandao wa simu, wanajifanya benki, mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu walimkomba hela ya kiinua mgongo, kwa hiyo mie nilishajiapiza kwamba wakinifikia mie watajuta. Nikaweka sauti ya nje ili watu wafaidi.

"Shikamoo mzee. Naongea na Mzee Komba?"

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Rehema, napiga kutoka benki yako, tawi la Tabata. Samahani kwa usumbufu."

Nikawakonyeza wenzangu. Karata zikasimama.

"Mzee, tuna hundi mbili hapa zimetoka kwenye akaunti yako, zinafanana kila kitu. Anayelipwa yule yule, kiasi kile kile, tarehe ile ile. Tulitaka uthibitishe, umeandika mbili kweli, au moja imeingizwa mara mbili?"

Msikilize mtoto wa watu alivyosema vizuri. Hakuuliza namba ya siri, hakuuliza salio, aliuliza kitu kimoja tu. Na mie ninachojua ni kwamba kichwani mwangu nilikuwa nimelipa malipo mamoja, nimemlipa Murtaza milioni nne, hundi mbili au kumi hilo halikuwemo akilini, na hata lingekuwemo, uani kulikuwa na watu wanasubiri nichekeshe.

"Binti, hapa umegonga mwamba. Mie sijaandika hundi mbili kwa mtu yeyote. Huyo aliyekuletea mbili ni mwizi mwenzako, mkamate mgawane vizuri."

Uani wakacheka. Msibani kicheko kina baraka yake, watu walikuwa wamelia usiku kucha, nikaona nimewapa zawadi.

"Mzee, naomba nielewe. Unasema hundi hizi huzitambui?"

"Sizitambui. Na wewe sikutambui."

"Na Bwana Murtaza unamfahamu?"

Hapo pangeniamsha. Mtu timamu angejiuliza tapeli kamjulia wapi Murtaza. Mie nikasema, "Simjui, shangazi yako huyo."

"Basi mzee, kwa usalama wako inabidi tuizuie akaunti mpaka tujue."

"Zuia. Zuia na ya kwako."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na kahawa. Mama Semeni peke yake ndiye hakucheka, alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Mbona yule kaanza na shikamoo," nami nikamjibu kwamba siku hizi hata matapeli wanakwenda shule.

Saa ya kuaga ikafika. Jeneza tukalitoa mochwari kwa gari la jirani, tukaliweka uani chini ya turubai, katekista akasali, watu wakapita mmoja mmoja wakamuaga Osmunda, wanawake wakafunga mizigo yao ya safari, watoto wakavalishwa. Magari hayajaja. Nikampigia Murtaza, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Watu wakaanza kukaa juu ya mabegi yao. Joto likaingia chini ya turubai, na mtu mmoja akaanza kuulizia kwa upole kama tusogeze jeneza kivulini zaidi.

Karani wa Murtaza ndiye aliyepokea mwisho. Akasema, "Mzee, bosi yuko benki. Kaitwa. Hundi zako zimekataliwa."

Nikasimama nikatangaza kwamba benki imeleta dharau, na leo watanijua. Hapo ningeweza kwenda peke yangu. Lakini nikasema twendeni, na karibu msafara mzima ukanifuata, wakabaki wachache na jeneza, wanaume na wanawake, wamevaa vitambaa vyeusi, tukajaa ndani ya benki ya watu pale Tabata mpaka mlinzi akauliza kama tumekuja kuzika.

Murtaza alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ofisi ya meneja msaidizi, kofia mkononi, na wateja wote wanaoingia wanamuona. Hakunyanyuka. Miaka yote niliyomjua hajawahi kutonyanyuka.

"Komba," akasema, "mimi ni mwizi?"

"Nani kasema?"

"Uliza humo ndani."

Ndani alikuwepo binti mdogo mwenye miwani. Rehema. Akaniamkia, mie sikuitikia, nikaanza kufoka moja kwa moja, kwamba mna hela zangu, mna hundi zangu mbili nilizoandika kwa mkono wangu mbele ya watu, kwa nini mnamzuilia dada yangu safari.

"Mzee, nilikupigia asubuhi."

"Hukunipigia wewe. Alinipigia tapeli."

"Ni mimi, mzee. Ulisema huzitambui."

"Muongo wewe. Sikusema."

Akawaangalia watu waliojazana mlangoni. "Simu zetu zinarekodiwa," akasema taratibu. "Nifunge mlango kwanza?"

"Acha mlango. Weka wasikie wote."

Basi akaweka. Sauti yangu ikatoka kwenye kompyuta, kubwa, yenye kicheko nyuma yake, sijaandika hundi mbili kwa mtu yeyote, mwizi mwenzako, simjui, shangazi yako huyo, zuia na ya kwako. Uani ilichekesha. Pale hakucheka mtu. Nyuma yangu nilisikia Murtaza amesimama mlangoni, naye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Rehema akanigeuzia kioo cha kompyuta. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mzee wake kuvuka barabara. Kwamba hundi siku hizi haisafiri karatasi, inapigwa picha, na picha ndiyo inayokwenda. Kwamba wapo wajanja wanaingiza picha moja mara mbili, huku na kule, wanalipwa mara mbili, kwa hiyo wamefunga mfumo mpya unaolinganisha kila hundi na nyingine. Zikifanana zinasimama, na mwenye akaunti anapigiwa simu. Nikamwambia zangu zina namba tofauti, kila jani la kitabu lina namba yake, hata mie wa darasa la pili nalijua hilo.

"Ni kweli, namba zipo hapa chini," akasema. "Lakini mzee, umegonga muhuri juu yake. Zote mbili."

Nikaangalia. Msumeno wangu umelala juu ya zile namba kama mbwa juu ya mfupa, kwenye ya kwanza na kwenye ya pili.

"Mfumo haukuzisoma. Ukabaki na maandishi. Na maandishi yako, mzee, sijawahi kuona. Watu wakiandika neno moja mara mbili huwa kuna tofauti, herufi inapanda, inashuka. Ya kwako ni kama imepigwa picha."

Hakujua anasema nini. Zilikuwa zimelala pale kwenye kioo, moja juu ya nyingine, Milioni mbili tu, na ile haikuwa mikono yangu, ile ilikuwa mikono ya Osmunda, na mwenyewe yuko kwenye jeneza uani kwangu anasubiri gari.

Murtaza akazungumza kutoka mlangoni, hakupandisha sauti. "Ungenipigia ukasema Murtaza, dada amefariki, sina senti, magari yangekuwa mlangoni kwako saa hiyo hiyo. Ungeninyima hela mwaka mzima nisingekudai. Lakini nimeitwa hapa kuulizwa kama nina mwenzangu wa kuiba naye. Lile basi lako nimeliachia limekwenda na harusi Morogoro, na gari la jeneza nimemwambia dereva alirudishe gereji. Pole na msiba." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Bado kulikuwa na nafasi. Hii ndiyo sehemu ambayo wasimuliaji wa mtaani hawaijui, kwa sababu wengi walishatoka nje kwa aibu kwa niaba yangu, nilibaki na Rehema na Mama Semeni. Rehema akasema anaweza kuwaandikia makao makuu kabla hawajafunga wiki, akaunti ikafunguliwa leo leo nikachukua taslimu, ila anahitaji maelezo mafupi kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko ulio kwenye hundi. Mstari mmoja unatosha, akasema: kwamba nilikusudia kumlipa huyu bwana jumla ya milioni nne, kwa maneno, na sahihi. Akanisogezea karatasi na kalamu.

Nikasema nimesahau miwani. Akanipa ya kwake, nikasema hainifai. Mama Semeni akasema, "Lete niandike, yeye atie sahihi," Rehema akasema ingekuwa vizuri lakini watalinganisha mwandiko. Nikasema mkono unauma. Nikatoka kwenda kunywa maji. Nikarudi nikasema hewa humu ni nzito. Nikachomoa pochi, nikatoa kile kipande cha mfuko wa saruji, nikakitazama kama kitaota maneno mengine. Saa ya ukutani ilikuwa inaenda na yule binti anaiangalia, na uani kwangu watu wamekaa juu ya mabegi. Neno lenyewe ni "nne". Herufi tatu. Kama ningeitamka kwa sauti pole pole labda ningeipata, lakini kuitamka ni kukiri, na mie nikaona heri benki ifungwe kuliko Mama Semeni ajue.

Ikafungwa. Mlinzi alishusha pazia la chuma nje, Rehema akajaribu simu ya makao makuu, ikaita mpaka ikakata.

"Sijui kuiandika," nikasema hapo. Hapo ndipo nilipopata mdomo.

Rehema akavua miwani yake. "Mzee wangu, ungesema tu. Kwa asiyeandika kuna utaratibu wa dole gumba. Unaweka dole, shahidi anasaini. Ingechukua dakika chache." Halafu akaona maana ya alichosema, akairudisha ile karatasi kwenye droo.

Tukatoka nje na Mama Semeni. Akasema, "Osmunda aliniambia zamani kwamba unajua kuandika moja tu. Sie wote tunajua, Mzee Komba. Ulidhani kwa nini hakuna aliyewahi kukubana uandike nyingine?"

Tukalirudisha jeneza mochwari. Watu wakafungua mabegi yao. Na jioni ile ilibaki kazi moja ya kufanya, kumpigia Baba Mdogo Gaspari nimwambie asichimbe. Simu nilikuwa nayo mkononi. Mtu niliyepata maneno mengi vile asubuhi, jioni nikakosa ya kumwambia baba yangu mdogo, nikajiambia kesho mapema nitapata gari, tutakimbia, tutafika kabla ya jua kuzama. Songea siyo ya kukimbiliwa, mie mbao zangu zinapita njia hiyo, najua.

Jumamosi asubuhi Mama Semeni akaja na beseni lile lile. Akaliweka mbele yangu, akasema, "Leo usiseme kitu." Sikusema. Watu wale wale waliorudishiwa chao wakapita, anaweka, anapita, wengine wameshazitumia zile za juzi wameweka kidogo walichonacho, mama muuza vitumbua akaweka sarafu akaomba radhi kwamba ni sarafu. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangenicheka. Ilitosha mafuta na posho ya njiani, kukodi gari haikutosha, kwa hiyo Mkude akaleta Fuso, akafagia maganda ya mbao, akatandika godoro, tukampandisha Osmunda, tukamfunga kwa kamba zile zile tunazofungia mbao za mninga. Nafasi ikawa ya watu wachache. Mama Semeni aliyemuuguza, aliyestahili kuliko mtu yeyote, akatoa nafasi yake kwa dada yangu mwingine wa tumbo moja, akabaki amesimama barabarani. Mie nilikaa nyuma na jeneza. Kukaa mbele na dereva sikuthubutu.

Nilipompigia Baba Mdogo tukiwa tumeshapita Chalinze alisema kwa kifupi, "Tumeshachimba. Tumemaliza." Nikamuomba wangoje. Akasema, "Jua ndilo linalongoja au halingoji, mie siliamrishi."

Mvua ilitukamata Iringa. Tulifika Jumapili, watu wengi walishatawanyika. Baba Mdogo alikuwa amekaa nje peke yake na jembe. Akanichukua mkono, akanipeleka mpaka makaburini, na pale pembeni ya Fausta, pale palipoachwa wazi miaka yote, palikuwa na kichuguu kipya cha udongo, kimepigwa vizuri, kina msalaba wa miti.

"Tulikatia mgomba mzuri," akasema. "Tulimsalia na sala zake."

Nikamuuliza kama haiwezekani. Niliuliza huku najua. Akasema, "Wewe ni mtoto wa hapa."

Tukachimba lingine upande wa pili wa mgomba. Nilichimba mwenyewe, bega langu la mbao likafanya kazi yake ya zamani, na dada yangu tukamshusha humo. Hivi ninavyosimulia, mwanawe yuko kule, yeye yuko huku, na katikati yao limelala shina la mgomba lenye msalaba. Mtu mmoja, makaburi mawili yanayofanana, udongo ule ule, siku zimekaribiana. Mashine ya yule binti ingeona. Wazee wetu hawana mashine.

Jumatatu nikiwa bado kule Rehema alinipigia, namba ile ile. Nilisimama kupokea. Akasema akaunti imefunguliwa, akauliza kama tulifika salama na kama mama alilazwa alipotaka. Nikamwambia tulifika. Nikamwambia ahsante, mwanangu. Hilo la pili sikumjibu. Niliporudi mjini nilikwenda kwa Murtaza, nikakaa kwenye kile kibenchi cha nje ya ofisi yake ambacho wateja wake wote wanakiona, nikakaa mpaka akatoka. Amenisamehe kwa mdomo. Hanyanyuki.

Hundi siandiki tena, muhuri nimeutia kwenye jiko la mkaa. Kulipa nalipa kwa dole gumba mbele ya shahidi, na anayetaka kucheka acheke. Na simu nisiyoijua ikilia napokea, nasikiliza mpaka mtu amalize, sikatizi, siweki sauti ya nje. Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia akajifanya wa mtandao wa simu, nikamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanila laki moja na ishirini. Wanangu wamenuna. Nimewaambia mie nimeshalipa zaidi ya hapo kwa kutosikiliza.